Wasomaji Wanauliza: Mvua ya miaka kumi imekujaje mara mbili?

SWALI: Mtaro wa mtaani kwetu Mburahati ulikabidhiwa miaka mitatu iliyopita. Siku hiyo mhandisi alituambia mbele ya diwani kwamba umesanifiwa kwa "mvua ya miaka kumi". Tangu hapo maji yameshaingia ndani kwa watu mara mbili, mwaka juzi na mwaka huu. Wataalamu walitudanganya, au hiyo miaka kumi wanaihesabu kwa kalenda gani?
*Mjumbe wa kamati ya mtaa*

JIBU: Ndugu mjumbe, kalenda haihusiki. "Mvua ya miaka kumi" ni mvua ambayo kila mwaka ina nafasi moja kati ya kumi ya kufikiwa au kupitwa. Ikinyesha leo, mwakani nafasi ni ile ile. Kwa miaka mitatu, uwezekano wa kuipata walau mwaka mmoja ni asilimia 27, jambo la kawaida. Kuipata katika miaka miwili kati ya hiyo mitatu ni kama asilimia 3 tu. Kwa hiyo lalamiko lenu lina uzito. Bahati mbaya haitoshi kulieleza. Mtaro wenyewe ukaguliwe, pamoja na kinachoumiminia maji.

Tuanze na kinachomiminwa. Kwa mitaro midogo wahandisi huzidisha vitu vitatu: ukubwa wa eneo linaloleta maji, kasi ya mvua, na sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini. Hicho cha tatu ndicho chenye kasheshe. Chukua eneo la hekta 10 na mvua ya milimita 60 kwa saa. Ardhi ikiwa na majani na mchanga wazi, asilimia 30 hutiririka, na mtaro hupokea lita 500 kwa sekunde. Eneo hilo hilo likijaa mabati, zege na nyua zilizosakafiwa, hutiririka asilimia 80, yaani lita 1,330 kwa sekunde. Mvua haijabadilika hata tone. Mhandisi aliyetumia ramani ya zamani alikokotoa sawasawa, ila aliukokotolea mtaa ambao haupo tena.

Sasa kalavati. Bomba safi la milimita 600, lililolazwa kwa mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, hupitisha kama lita 600 kwa sekunde. La milimita 900 hupitisha karibu mara tatu ya hapo, lita 1,800, ingawa kipenyo kimeongezeka kwa nusu tu. Mkandarasi akiwaambia "tofauti ni ndogo, tuweke hili lililopo", msikubali. Lakini mchanga ukijaa hadi nusu ya kimo cha bomba la 900, uwezo wake hushuka hadi theluthi moja hivi, kwa sababu nafasi imepungua na maji yanajikwaruza kwenye mchanga. Mmelipia kubwa, mnatumia dogo.

Kabla ya masika kuanza Machi, pimeni wenyewe. Chukueni ubao ulionyooka wenye alama za sentimita, simameni kwenye mdomo wa kila kalavati (msiingie ndani), mpime kutoka dari ya bomba hadi juu ya mchanga, upande wa kuingilia na wa kutokea. Andikeni tarehe, mpige picha ubao ukiwa pale pale. Na maji yakiingia nyumbani, siku hiyo hiyo mchore mstari wa rangi ukutani yalipofikia, kabla doa halijakauka na kila mtu hajaanza kukumbuka lake. Msidharau kumbukumbu za namna hiyo. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria, jijini Dar es Salaam, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata za bondeni kuchora mitaro, nyumba na mipaka ya mafuriko ambayo haikuwa kwenye ramani yoyote.

Limebaki jambo moja ambalo mhandisi hakulisema siku ya makabidhiano. Hakuna kanuni ya sayansi inayotaka mtaro wenu uwe wa miaka kumi. Huo ni uamuzi wa bajeti. Kazi ya mtaalamu ni kuweka mezani bei na hatari ya kila chaguo: nyumba ya kukaa miaka 30 ina uwezekano wa asilimia 96 wa kukutana na mvua inayoushinda mtaro wa miaka kumi, asilimia 71 kwa mtaro wa miaka 25, na asilimia 45 kwa wa miaka 50. Anayechagua ni mwenye fungu, na ndiye wa kuulizwa kwa nini alichagua hivyo. Tatizo si lazima liwe kukosa ujuzi. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, katikati ya bonde la Msimbazi, baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, na imefurika si mara moja.

SWALI: Tuliitwa mkutano kuhusu kituo cha mafuta kinachotaka kujengwa jirani. Mtaalamu wa mazingira alieleza kwa dakika kumi, tukasaini mahudhurio, tukapewa soda. Tumesikia ripoti sasa imeandika wananchi "wameshirikishwa". Tumeshachelewa?
*Mkazi, Tandika*

JIBU: Kama cheti cha mazingira cha mradi hakijatolewa, bado. Karatasi ya mahudhurio inaonyesha mlikuwepo, lakini hubandikwa mwishoni mwa ripoti ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira (TAM) na msomaji wa haraka huichukulia kama ridhaa. Andikeni hoja zenu kwa barua, zikiwa na namba 1, 2, 3, muipeleke kwa mtendaji wa mtaa na kwa mamlaka ya mazingira, mkibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Ombeni muhtasari wa ripoti kwa Kiswahili. Kanuni za TAM za 2005 zinataka uwepo, kwa lugha isiyo ya kitaalamu. Mkiupata, rukeni kurasa za sifa za mradi. Tazameni tarehe za vipimo: kina cha maji ya ardhini kikipimwa Septemba hakiwaambii lolote kuhusu Aprili, wakati maji yanapanda na tangi la mafuta lililofukiwa linakuwa karibu nayo. Je, visima vya jirani vilipimwa maji yake kabla ya ujenzi? Visipopimwa, siku petroli ikinuka kisimani hakuna atakayeweza kuthibitisha imeanza lini. Halafu jedwali la usimamizi: kila hatari iwe na mhusika, gharama na ratiba. Neno "mara kwa mara" kwenye safu ya ratiba maana yake hakuna ratiba.

Mjue pia kwamba anayemlipa mtaalamu huyo ni mwenye mradi. Haimfanyi mwongo, ila ndiyo sababu vipimo vyake vihojiwe.

SWALI: Klorokwini, SP (sulfadoxine-pyrimethamine), dawa mseto. Wataalamu wa malaria wakibadilika hivi, sisi tushike lipi?
*Msomaji, Kigamboni*

JIBU: Shikeni la mwisho. Kilichobadilika ni vimelea, vilivyokuwa sugu kwa dawa za awali. Hilo hujulikana hivi: Wagonjwa hupewa dawa mbele ya mhudumu, kisha hufuatiliwa kwa siku 28 kwa kupimwa damu. Vimelea vikirudi, vinasaba vyake hulinganishwa na vya siku ya kwanza ili kutenganisha dawa iliyoshindwa na mbu mpya aliyemuuma mgonjwa wiki ya tatu. Shirika la Afya Duniani linataka nchi ibadilishe dawa ikishindwa kwa zaidi ya asilimia 10. Tanzania Bara iliacha klorokwini 2001, ikaingia SP, na kuelekea 2007 ikaja dawa mseto, yaani dawa mbili kwenye kidonge kimoja (ALu, artemether-lumefantrine). SP imebaki kwa wajawazito kama kinga, kazi tofauti na kutibu mgonjwa mwenye homa.

SWALI: Nikiomba hesabu za mtaro au vipimo vya ripoti, nitapewa kweli?
*Msomaji, Ubungo*

JIBU: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba, na taasisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Maombi mengi huangukia kwenye maneno mapana. Usiandike "naomba taarifa zote za mradi". Andika: "Naomba eneo la maji kwa hekta, kasi ya mvua iliyotumika na kituo ilikopimwa, asilimia ya maji yanayotiririka, na kipenyo cha kila kalavati kwenye michoro iliyoidhinishwa." Hiyo ni karatasi moja, na ofisa hana pa kusema ni kazi kubwa.