Mshale wa Kwanza: Mazoezi ya Upinde Kabla ya Msimu wa Kulungu

Kulungu hakupi mishale sita ya kupasha misuli moto. Umekaa juu ya mti saa tatu, vidole vimekufa ganzi, koti zito mwilini, mara anatokea, anasimama sekunde chache, nawe una mshale mmoja. Ndiyo maana mtu ambaye mwezi wa Julai mishale yake hubanana katikati ya shabaha huweza kumkosa mnyama aliye yadi 18. Alizoea mshale wa tano na wa sita, na porini hakuna wa tano.

Haya ni kwa wanaowinda Marekani kwa leseni ya jimbo na upinde wa roda, yaani ule wenye magurudumu kwenye ncha zake yanayopunguza uzito wa kuushikilia ukishavutwa. (Ukienda likizo Kenya uuache nyumbani, uwindaji ulipigwa marufuku huko tangu 1977.) Majimbo mengi hufungua msimu wa upinde kati ya Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, kwa hiyo anza Julai.

Uzito wa upinde, yaani nguvu ya kuuvuta inayopimwa kwa ratili, ndio unaowaangusha wengi, kwa sababu ya ubishi tu. Kaa kwenye kiti, weka mshale, elekeza kwenye shabaha, nyanyua miguu kidogo, kisha vuta moja kwa moja nyuma. Ukilazimika kuinua upinde juu ndipo uuvute, umekuzidi. Legeza boliti za juu na chini zinazorekebisha uzito huo, kwa mizunguko sawasawa, bila kupita kikomo cha mtengenezaji. Ratili 50 na kigumba chenye makali humtosha kulungu. Angalia tu kiwango cha chini cha jimbo lako. Wala usivute na kuachia upinde mtupu, hata kwa mzaha: nguvu ambayo ingebebwa na mshale hurudi kwenye upinde wenyewe, na upote unaweza kukatika au sehemu zake zinazopinda kupasuka.

Wiki mbili za mwanzo simama yadi 3 tu kutoka kwenye shabaha isiyo na alama, ufumbe macho ukishavuta. Hapo unasikiliza mwili: mkono wa upinde umelegea kwenye kishikio bila kukikaba, mkono wa kuvutia umetua mahali palepale shavuni kila mara, na kifyatulio (kifaa cha mkononi kinachoshika na kuachia upote) kinaachia kwa sababu misuli ya mgongo inaendelea kuvuta. Ukikiminya ghafla kila pini ya kulengea inapogusa katikati, tayari una ugonjwa wa kushtuka, na kupiga mishale mingi zaidi huuzidisha. Mishale 20 hadi 30 kwa siku, siku tatu au nne kwa wiki, inatosha. Mabega yakianza kutetemeka, acha. Ukiendelea unajifundisha makosa.

Kuanzia wiki ya tatu, ingiza mshale wa baridi. Kila asubuhi, kabla ya kupasha chochote, toka na mshale mmoja, simama umbali ambao hukuupima, kadiria kwa macho, piga, kisha ndipo upime. Andika kwenye daftari umbali na mahali ulipoingia. Mishale mingine ya siku hiyo usiihesabu. Shabaha iwe ukubwa wa kisahani cha kikombe cha chai, kwa kuwa eneo la moyo na mapafu ya kulungu ni kubwa kidogo tu kuliko hapo. Umbali ambao mishale 9 kati ya 10 ya baridi inaingia kisahanini ndio mpaka wako porini, hata kama jirani anajisifia yadi 60.

Tena mpaka huo ni wa mnyama aliyetulia. Mshale wa futi 270 kwa sekunde hutumia takriban theluthi ya sekunde kufika yadi 30, ilhali mlio wa upinde humfikia kulungu ndani ya moja ya kumi. Aliyeshtuka huchutama ili aruke, na mshale hupita juu ya mgongo. Akiwa amekaza shingo na kukukodolea macho, usiachie.

Mwezi mmoja kabla ya msimu weka vigumba vya kuwindia. Kigumba cha greni 100 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) hakiruki lazima sawa na ncha ya mazoezi ya greni 100, maana makali yake hushika hewa kama bawa na kufichua kila kasoro ya upinde. Piga ncha ya mazoezi, kisha kigumba, kwa yadi 20, halafu 30, kila kimoja kwenye alama yake ili usikate manyoya ya mshale mwingine. Vigumba vikienda kushoto kwa ncha, sogeza kikalio cha mshale (kitegemeo unapolala mshale kwenye upinde) kulia, chini ya milimita moja kwa mara, ujaribu tena. Pini usiiguse mpaka viwili hivyo vikutane. Kigumba kilichopigwa mazoezini kimeshapoteza makali; badilisha wembe wake.

Kisha panda. Ukiwa kwenye dungu la mtini futi 18 kutoka ardhini, kosa la kawaida ni mshale kwenda juu, na watu husingizia umbali. Kwa yadi 20, tofauti kati ya mstari wa macho na umbali wa ardhini haifiki hata yadi moja. Kosa ni kuteremsha mikono peke yake, kiwiliwili kikabaki wima: jicho, shavu na upote havikutani tena mahali pake. Vuta kwanza kana kwamba unalenga mbele, kisha pinda kiunoni. Mkanda wa mwili mzima uwe umefungwa mtini tangu unapoanza kupanda mpaka mguu urudi ardhini, mazoezini vilevile.

Huko juu vaa koti lenyewe na glavu zenyewe. Mkono mnene wa koti ukiguswa na upote, mshale huenda kando. Ubane kwa kinga ya mkono. Shikilia upinde uliovutwa nusu dakika kabla ya kupiga, maana kulungu hupenda kusimama nyuma ya shina, na mara nyingine rudisha upote taratibu bila kupiga. Ukiwa na kulungu wa sponji, mgeuze. Akikupa ubavu au akielekea mbali nawe kimshazari, lenga kwa kufikiria mshale utatokea wapi upande wa pili. Akikutazama uso kwa uso, huo si mshale wa kupiga.

Wiki ya mwisho usirekebishe kitu. Paka upote nta, kaza skrubu za pini, pinda kidogo kila mshale wa kaboni karibu na sikio; ukisikia mlio wa kuvunjika, hata hafifu, uvunje kabisa na kuutupa. Endelea na ule mmoja wa asubuhi.