Kabla hujampa mkandarasi mkubwa mali kauli, pitia hesabu za Carillion

Kampuni kubwa ya ujenzi ikikupa kazi, usibabaishwe na bango la getini. Uliza inalipa baada ya siku ngapi, na pesa hiyo inatoka wapi. Carillion ya Uingereza inafundisha kuliko nyingine, maana dalili za kuanguka kwake zilikuwemo kwenye hesabu zake zilizochapishwa.

Ilizaliwa 1999 kwa kujitenga na kampuni ya Tarmac, ikakua kwa kununua wenzake: Mowlem 2006, Alfred McAlpine 2008, Eaga 2011. Walioko Muscat wanaufahamu ubia wake wa Carillion Alawi, uliojenga Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos.

Fungua mizania yake ya 2016. Kuna takriban pauni bilioni 1.57 zilizohesabiwa kuwa mali, kumbe ni ziada iliyolipwa juu ya thamani ya kampuni zilizonunuliwa. Huwezi kuipeleka sokoni wala kulipia saruji. Mali yote ukitoa madeni ilikuwa karibu pauni milioni 730. Ondoa ile ziada, unabaki na hasi. Hesabu hii mfanyie mkandarasi yeyote kabla ya kusaini.

Kisha malipo. Wakandarasi wadogo waliwekewa hadi siku 120. Asiyeweza kusubiri alilipwa mapema na benki kwa kukatwa kidogo, nayo Carillion ikabaki kudaiwa na benki. Deni hilo halikuwekwa kwenye mikopo, liliingizwa kwa "wadai wengine". Mstari huo ukivimba kila mwaka kuliko mauzo, ujue kuna mkopo umejificha.

Faida nayo iliandikwa kwa makadirio, kabla mteja hajakubali kulipa. Julai 2017 ikabidi ifute pauni milioni 845 za mikataba, mwezi mmoja tu baada ya kuwapa wanahisa gawio (hili hadi leo linashangaza). Tarehe 15 Januari 2018 ikaingia ufilisi ikiwa na pauni milioni 29 taslimu dhidi ya madeni ya karibu bilioni 7. Wasambazaji wasio na dhamana walikaa mkiani mwa foleni.

Kwa hiyo weka kikomo cha deni kwa mteja mmoja. Mkataba useme mali ni yako hadi ilipwe, ila kipengele hicho hakikusaidii sana bomba likishafukiwa au dirisha likishafungwa ukutani, maana limekuwa sehemu ya jengo. Pesa inayozuiliwa kusubiri kasoro, mara nyingi asilimia 3 hadi 5, omba iwekwe akaunti ya pembeni. Wakikataa, peleka mzigo kidogo kidogo, na shehena ya pili isitoke ghalani kabla ya ya kwanza kulipwa.