Maswali ya Wasomaji: Magari Ndani ya Uwanja wa Watembea kwa Miguu

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia jambo moja: uwanja uliojengwa katikati ya mji kwa ajili ya watu kupumzika na kupita kwa miguu, ambao sasa umejaa magari yaliyoegeshwa. Tumezifupisha na kujibu zile zenye swali la kufanyia kazi.

Mabango ya "Hakuna Kuegesha" tumeweka manne na hayajasaidia kitu. Tuongeze? (Kamati ya wenye maduka)

Msiongeze. Bango humzuia dereva pale tu anapojua kuna mtu nyuma ya bango. Fedha hiyo itumieni kuziba njia za kuingilia, ambazo kwa kawaida ni chache kuliko mnavyodhani.

Nendeni uwanjani alfajiri kabla gari la kwanza halijafika, na futi ya mkononi. Zungukeni ukingo wote. Kila uwazi unaozidi mita 1.3 uandikeni, na kila mahali ukingo wa zege ulipo chini ya sentimita 15 muandike pia. Tazameni alama nyeusi za matairi juu ya ukingo, kwani hizo hazidanganyi. Mara nyingi mtakuta magari arobaini yanaingilia sehemu mbili: ule mteremko uliojengwa kwa ajili ya viti vya magurudumu, na pengo aliloacha mkandarasi ili lori lake la mchanga lipite, ambalo hakuna aliyerudi kuliziba.

Mteremko ndio unaosahaulika zaidi. Mchoraji wa ramani ameinua ukingo vizuri, kisha ameshusha mlango laini wa mita tatu kwa jina la walemavu bila kuweka kigingi (nguzo fupi ya kuzuia magari) hata kimoja. Dereva ataona amekaribishwa. Mteremko wenye upana wa mita 1.5 unatosha, uwe na mwinuko usiozidi 1 kwa 12, na vigingi vikae ndani ya pande zake, uwazi kati yao usizidi mita 1.2.

Tena angalieni gari la kwanza la siku ni la nani. Likiwa la mwenye duka wa hapo hapo au la ofisa fulani, wengine huliona kama ruhusa. Huyo ataonwa ana kwa ana kabla fundi hajaitwa.

Tumepata kibali cha kuweka vigingi vya chuma. Fundi mmoja anataka kuvipanga kila mita mbili, mwingine kila sentimita 80. Yupi yuko sahihi? Na shimo liwe la kina gani? (Mhasibu wa soko, Tanzania)

Wote wawili wamekosea. Gari dogo kama Toyota Vitz lina upana wa takriban mita 1.7, hivyo kwenye mita mbili litapita bila hata kukunja vioo. Bajaji ina upana wa takriban mita 1.3. Kwa upande wa pili, kiti cha magurudumu kinahitaji angalau sentimita 90 za wazi, na mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi naye anahitaji nafasi. Kwa hiyo uwazi kati ya kigingi na kigingi uwe kati ya mita 1.0 na 1.2. Upimwe kutoka ubavu wa bomba hadi ubavu wa bomba, si katikati hadi katikati. Hapo ndipo mafundi wengi hupotezea sentimita kumi na moja bila kujua.

Tuchukue lango la mita 12. Kwa bomba la inchi 4, lenye kipenyo cha nje cha milimita 114, vinahitajika vigingi 9. Vinaacha mapengo 10 ya karibu mita 1.1 kila moja.

Bomba liwe na unene wa ukuta usiopungua milimita 4. Likatwe vipande vya mita 1.5: mita moja juu ya ardhi, nusu mita chini. Bomba la mita 6 linatoa vipande vinne, kwa hiyo nunua mabomba matatu. Shimo liwe la sentimita 40 kwa 40, kina 60. Mimina zege sentimita 10 chini kwanza, simamisha bomba juu yake, pima wima kwa timazi pande mbili, kisha jaza. Mchanganyo wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) unatosha. Shimo moja hula karibu kilo 30 za saruji, na ukijaza zege ndani ya bomba lenyewe ongeza kilo 4. Vigingi tisa vitakula mifuko 7 ya kilo 50.

Jaza zege ndani ya vigingi vya kudumu (vya kuchomoa tutavifikia). Hilo si kwa ajili ya nguvu tu. Bomba tupu linauzika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, lililojaa zege halina mteja.

Juu ya ardhi, zege liinuke sentimita 2 au 3 kuzunguka bomba, literemke nje ili maji yasisimame. Vigingi huoza pale pale panapokutana chuma na ardhi, na katika miji ya pwani ambako hewa ina chumvi vitaanza kushika kutu mapema zaidi. Paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kusimika, ukiteremka hadi sentimita 10 chini ya usawa wa ardhi, kisha rangi ya juu. Funga ukanda unaoakisi mwanga karibu na kichwa cha kigingi. Asiyeona vizuri naye anautegemea. Mwagilia zege na ulifunike kwa magunia siku saba. Dereva wa kwanza atakayekigonga kigingi siku ya pili atakilegeza, na kikishalegea hakikazi tena.

Mambo matatu yasifanyike. Kwanza, vigingi vya chini ya sentimita 60: dereva anayerudi nyuma havioni, na mpita njia anajikwaa. Pili, minyororo kati ya kigingi na kigingi. Fimbo ya asiyeona hupita chini ya mnyororo, yeye akaanguka juu yake, na mnyororo wenyewe haumalizi mwezi kabla haujaibiwa. Tatu, kuchimba kabla ya kuuliza mamlaka ya maji na shirika la umeme mabomba na nyaya zao zinapita wapi.

Jambo la kuongeza: vigingi hivi huzuia maegesho. Havikuundwa kusimamisha lori lililokuja kwa kasi. Kwa kazi hiyo kuna vingine, vyenye msingi tofauti kabisa na bei tofauti.

Je, vyungu vikubwa vya maua haviwezi kufanya kazi hiyo kwa bei nafuu?

Vinaweza, vikiwa vizito kweli. Chungu cha zege cha mita moja kwa moja na kimo cha sentimita 60, kikijaa udongo, kinapita kilo 700, na hicho hakisogezwi na vijana wawili. Vile vidogo vya kilo 100 huviringishwa pembeni usiku, asubuhi vikakutwa vimepangwa vizuri kuonyesha mipaka ya maegesho. Toboa matundu chini ili maji yatoke, na amua mapema nani atamwagilia. Chungu chenye mti uliokauka hugeuka pipa la taka.

Zimamoto wametuambia vigingi vyetu vitawazuia. Wenye maduka nao wanauliza mzigo utashushwaje. (Karani wa mji)

Zimamoto wana haki, na ilibidi waulizwe kabla ya kuchora. Gari lao linahitaji njia ya wazi ya takriban mita 3.7. Kwenye lile lango la mita 12 tulilolitaja, ukiondoa vigingi viwili vinavyofuatana unapata mita 3.5, haitoshi. Ukiondoa vitatu unapata mita 4.7. Basi vitatu vya katikati viwe vya kuchomoa, sita vya kudumu.

Kigingi cha kuchomoa hukaa ndani ya bomba pana zaidi, la inchi 5, lililozikwa kwenye zege na kufunguka chini juu ya kokoto ili maji ya mvua yazame. Hiki usikijaze zege. Kikiwa kitupu kina kilo 18 hivi na mtu mmoja anakiinua. Kikijazwa kinafika kilo 50 na hakuna atakayejisumbua kukirudisha. Kwa vile ni kitupu, kufuli lake liwe imara.

Kinachoharibika ni mambo mawili. Mchanga hujaa kwenye bomba la chini kigingi kikiwa nje, kisha kikirudishwa kinabaki kimening'inia nusu. Tengeneza kifuniko cha bati chenye bawaba. La pili ni ufunguo. Funguo zikiwa nane, baada ya miezi miwili zinakuwa ishirini, na lango linakuwa wazi kwa kila mwenye rafiki. Ziwe tatu: zimamoto, ofisi ya mji, na mlinzi wa zamu anayeandika daftarini kila anapofungua, kwa saa na namba ya gari. Kufuli libadilishwe kila mwaka.

Kuhusu mzigo, wekeni saa za kushusha, tuseme saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu asubuhi, na nje ya uwanja mtenge nafasi mbili tatu za gari la mzigo kusimama dakika ishirini. Kutoka hapo mkokoteni unamaliza kazi. Mji unaoziba uwanja bila kutenga nafasi hizo utakuta vigingi vimekatwa kwa msumeno, na aliyevikata hatakosa watetezi.

Kabro (vitofali vya zege vya sakafu) za uwanja wetu zimebonyea na kupasuka ndani ya mwaka mmoja. Mkandarasi anasema kosa ni la magari, sisi tunasema alilipua kazi. (Diwani)

Ng'oeni eneo la mita moja mraba na rula itaamua. Kabro ya watembea kwa miguu huwa na unene wa milimita 60. Ya kupitisha magari 80. Chini yake panatakiwa mchanga wa sentimita 3, halafu tabaka la kokoto au moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa, si chini ya sentimita 15. Mkikuta 60 na mkataba ulisema 60, mkandarasi amefanya alichoambiwa. Mkikuta mchanga wa sentimita 8 juu ya udongo mlaini, kosa ni lake, magari yawepo yasiwepo.

Gari dogo lililosimama tu haliui sakafu upesi. Kinachoiua ni usukani kukatwa mahali pamoja, kila siku: tairi linazungusha kabro, viungo vinafunguka, mchanga unatoka na mvua, na kabro inabaki ikicheza hadi kona zinapasuka. Lori la mizigo ni habari nyingine. Wahandisi wa barabara hukadiria kwamba uharibifu hukua kwa nguvu ya nne ya uzito wa ekseli (mhimili unaobeba magurudumu), yaani ekseli nzito mara mbili huharibu mara kumi na sita. Lori moja la saruji kila wiki linatosha kuwasumbua.

Kurekebisha, ng'oeni hadi nusu mita nje ya sehemu iliyobonyea. Toeni mchanga wote, ongezeni moramu, shindilieni kwa mashine ikiwa na unyevu kidogo. Rudisheni mchanga sentimita 3, pangeni kabro kwa mtindo wa mfupa wa samaki, ambao hustahimili tairi linalokata kona kuliko safu zilizonyooka, kisha fagieni mchanga mkavu laini kwenye viungo na mshindilie tena. Msimwage uji wa saruji juu yake. Unapendeza wiki ya kwanza, halafu unapasuka vipande, na kabro hazing'oleki tena bila kuvunjika.

Bodaboda je?

Hazizuiliki kwa vigingi. Pengo linalopitisha kiti cha magurudumu linapitisha pikipiki. Hata Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako vichochoro vyenyewe vinayakataa magari, pikipiki na vespa hupita. Dawa ni kituo chao kiwe kando ya lango, chenye kivuli, mahali ambapo abiria wanatokea. Dereva wa boda huingia uwanjani kumfuata abiria. Abiria akija kwake hana sababu.

Wenye maduka wanaapa kwamba magari yakitoka, wateja watatoka nayo. Kuna mji uliojaribu?

Ipo mingi. Copenhagen ilifunga mtaa wake mkuu wa maduka, Strøget, mwaka 1962, na upo bila magari hadi leo. Naples, Italia, uwanja mkubwa wa Piazza del Plebiscito ulikuwa maegesho hadi 1994, ulipoondolewa magari wakati wa mkutano wa G7 (kundi la mataifa saba tajiri) uliofanyika mjini humo. Kisa kinachofanana zaidi na chenu ni cha Curitiba, Brazili, mwaka 1972: meya Jaime Lerner aliifanya kazi ya mtaa wa Rua XV de Novembro mwishoni mwa juma, kwa saa 72 hivi, akijua wenye maduka wangekwenda mahakamani. Wenye magari walipotishia kuingia kwa nguvu, walikuta watoto wamekaa barabarani wakichora. Baadaye wenye maduka wenyewe waliomba eneo liongezwe.

Ila msiahidi wateja kabla ya kuhesabu. Hesabuni wanaoingia dukani, kwa saa zile zile na siku zile zile, wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya kufunga.

Polisi ametuambia hawezi kuwaandikia kosa kwa sababu uwanja "si barabara". Ni kweli? (Msomaji, Kenya)

Si kweli. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura 403, inaihesabu kuwa barabara hata njia ya miguu au maegesho, mradi gari linaweza kupita na umma unaruhusiwa kufika. Orodha ya faini za makosa madogo ya 2016 inataja kuendesha gari juu ya njia ya watembea kwa miguu, shilingi 5,000, na kuacha gari likizuia wengine, shilingi 10,000. Mkipeleka malalamiko, pelekeni picha mbili za kila gari: moja ionyeshe namba, nyingine ionyeshe gari pamoja na kitu kisichohamishika, kama sanamu au jengo, na saa iandikwe.

Tanzania, ulizeni kwenye halmashauri kama uwanja umetajwa kwa jina katika sheria ndogo. Kama haumo, anzeni hapo.

Na msiombe magari yafungwe minyororo magurudumuni. Gari lililofungwa linabaki uwanjani siku nzima, kinyume kabisa na mlichotaka. Likokotwe, na gari la kukokota lisimame barabarani livute kwa waya, lisipande juu ya kabro za milimita 60.