Jina Langu Lilikuwa Kwenye Shukrani

Jumanne usiku, nikiwa nimeshazima taa, simu iliingia ujumbe wa msomaji. Nimemwomba ruhusa, nauweka kama ulivyo: "Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu, nimekimbia kwetu, leseni ya huku sijapata. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika kwenye daftari habari za wagonjwa wa TB wanaofika kambini wakiwa wamekatiza dozi. Sasa amekuja mtafiti wa chuo kikuu, amelipenda, anasema nimpe aliandikie makala. Nimpe?"

Usimpe. Nilimjibu hivyo tu, nikaweka simu chini, usingizi ukanikataa. Ndiyo maana leo mnanisoma.

Sitaitaja nchi niliyoikimbia wala hii ninayoishi. Wa kule bado wana ndugu zangu mikononi, na wa huku ndio wanaosaini leseni yangu kila mwaka.

Niliondoka na begi moja la mgongoni: stethoskopu, nguo, na bahasha ya vyeti. Mto tuliovuka ulinifika kifuani. Kesho yake nilianika shahada yangu juu ya jiwe, wino wa muhuri ukiwa umesambaa hadi kwenye jina. Baraza la madaktari la huku lilitaka barua ya uthibitisho kutoka chuo nilichosoma, na chuo hicho kilikuwa kimefungwa kwa sababu ileile iliyonikimbiza mimi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, Kifungu cha 22, unazitaka serikali ziwatendee wakimbizi vizuri iwezekanavyo katika kutambua vyeti vyao vya nje. Nilikikariri kifungu kile. Karani wa dirishani alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, lete barua."

Miaka minne ya foleni naiacha.

Katika miaka hiyo nilifanya kazi ya ukalimani kwenye kliniki ya kifua kikuu. Fikiria mwenyewe. Daktari kijana aliyehitimu juzi ananiambia, "Muulize kama anatoka jasho usiku," nami namuuliza, narudisha jibu, nanyamaza. Nilikuwa nimetibu TB miaka tisa kabla yake.

Siku moja aliletwa mama aliyevuka mpaka bila kadi ya matibabu. Alisema alikuwa "anameza vidonge vya kifua" huko alikotoka. Vipi? Hajui. Kwa muda gani? Hajui. Daktari kijana alikuwa anajiandaa kumhesabu kama mgonjwa mpya. Hapo ukalimani ulinishinda. Nilimuuliza mama kwa sauti ya chini, "Ulipokuwa ukimeza, mkojo ulikuwa na rangi gani?" Akaona aibu, akatazama sakafu, akasema rangi ya chungwa. "Ulirudi lini kuwa wa kawaida?" Akafikiri. "Siku ya pili baada ya kulala shuleni." Walilala shuleni usiku ule waliochomewa nyumba.

Hiyo ni rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, ndugu zangu. Inapaka mkojo, jasho, hata machozi. Mgonjwa hajui jina la dawa, lakini rangi ile haisahau, na siku ilipokoma anaikumbuka kwa sababu ndiyo siku maisha yake yalipogeuka. Kwa hesabu ya yule mama, alikuwa amekatiza dozi wiki tano. Kwa kawaida tiba ya TB ni miezi sita, miwili ya dawa nne na minne ya dawa mbili, na kinachotutisha ni huyu aliyeachia katikati: bakteria waliopigwa nusu wanapata nafasi ya kuzaa walio sugu. Kwa hiyo hatibiwi kama aliyeanza jana. Kwanza makohozi yake yapimwe usugu.

Usiku ule nilianza daftari. Safu ya kwanza namba na jina la mgonjwa, ya pili siku alipovuka, ya tatu rangi ya mkojo, ya nne siku rangi ilipokoma. Nililiandika kwa kalamu ya risasi ili likilowa wino usinisaliti mara ya pili. Yakafika madaftari manne.

Kisha akaja mtafiti. Alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Alinikaribisha mezani kwake, akaniita "mwenzangu". Aliyapiga picha madaftari yote manne, ukurasa kwa ukurasa, mimi nikimshikia taa. Sikumuuliza jina langu litakaa wapi. Niliona haya. Nilidhani kuuliza ni uchoyo, na mgeni hadai kiti.

Baada ya mwaka na kitu, rafiki akanitumia makala. Waandishi tisa. Nilisoma majina juu hadi chini, nikarudia, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Swali langu la mkojo lilikuwemo, limevikwa suti, linaitwa "dodoso la kumbukumbu ya dawa". Mimi nilikuwa ukurasa wa mwisho, chini ya Shukrani, baada ya dereva: mkalimani wa kituo, na herufi moja ya jina langu haipo.

Wapo watakaosema niliyatafuta mwenyewe, na hawajakosea sana. Mimi sikuwa na kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, yeye alikuwa nacho. Majarida mengi makini hayagusi takwimu za wagonjwa zisizo na kibali. Daftari lisilo na kibali ni mali ya yeyote aliye nacho. Hilo nililijua tangu chuoni, nikalipuuza kwa kuwa nilijiona nasaidia watu tu.

Katika miezi ya uchungu nilisoma sana habari za walionitangulia. Albert Schatz alikuwa na miaka 23, mwanafunzi kwenye maabara ya chini ya jengo huko Rutgers, Marekani, alipoipata streptomaisini mwaka 1943, dawa ya kwanza ya antibiotiki iliyofanya kazi dhidi ya TB. Mwaka 1952 Tuzo ya Nobel ikaenda kwa mkubwa wake, Selman Waksman, peke yake. Waksman naye alikuwa mhamiaji, mzaliwa wa Ukraine. Kumbe kuvuka bahari hakumfundishi mtu kugawana. Lakini angalia jambo moja. Makala ya Januari 1944 iliyoitangaza dawa hiyo inaanza na jina la Schatz, kisha Elizabeth Bugie, kisha Waksman. Schatz aliposhtaki mwaka 1950, alikuwa na karatasi ya kushika mkononi, na katika maafikiano akatambuliwa kuwa mgunduzi mwenza. Mimi ningeshika nini? Shukrani?

Aliyeniinua ni mwingine, Walter Pagel. Alizaliwa Berlin mwaka 1898, akawa mtaalamu wa patholojia ya kifua kikuu Heidelberg, na mwaka 1933 Wanazi walimwondoa kazini kwa kuwa ni Myahudi. Akapitia Paris, akaishia Uingereza, kwenye kijiji cha wagonjwa wa TB cha Papworth karibu na Cambridge, ambako wagonjwa waliishi na familia zao na kufanya kazi. Ni kama kutolewa chuo kikuu ukapelekwa zahanati. Lakini aliendelea kuandika. Mwaka 1939 jina lake lilikuwa moja kati ya matatu kwenye kitabu kikubwa cha kiada kuhusu TB ya mapafu, kwa Kiingereza, lugha ya ugenini. Baadaye akaongeza fani ya pili, historia ya tiba, na humo nako akawa bingwa.

Sasa nakuja kwako uliyeniandikia, na kwa kila mwenye daftari uvunguni. Jadili majina kabla kazi haijaanza, kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Majarida mengi ya tiba yanafuata masharti manne: uwe umechangia wazo au takwimu, umeandika au umehariri, umeidhinisha toleo la mwisho, na uko tayari kuwajibika kwa kazi hiyo. Takwimu peke yake haitoshi. Ndipo wanapotushikia hapo! Wanachukua takwimu, hawakuonyeshi rasimu, kisha wanakwambia hukuandika. Kwa hiyo idai rasimu. Idai kwa adabu, lakini idai. Jisajili ORCID, rejista ya kimataifa ya watafiti mtandaoni, upate namba yako ya tarakimu 16. Ni bure, haiulizi uraia, na ukihamishwa kesho inakufuata. Na jadili majina kabla. Nimeshasema? Nasema tena, kwa sababu najua utaona haya kama mimi. Unyenyekevu tuliolelewa nao ni mzuri nyumbani, ila kwenye utafiti unamnufaisha mwenye kibali.

Leseni niliipata hatimaye, baada ya kukalishwa mtihani upya na watoto wa miaka 25. Na mwezi uliopita makala yangu ilikubaliwa, baada ya majarida matatu kuikataa. Jina langu ni la kwanza, herufi zote zipo. Nimeichapa nikaibandika ukutani. Mke wangu anasema ni majivuno. Ni majivuno.

Yule mtafiti nilimwalika awe mwandishi wa nne. Hajajibu.

Wewe nenda kwa wako kesho, umwambie utafanya kazi naye, jina lako liingie kwenye ombi la kibali tangu mwanzo. Kabla hajapiga picha ukurasa wowote, kata majina ya wagonjwa, ubaki na namba. Ufunguo wa namba, yaani orodha ya namba ipi ni ya nani, ukae mahali pengine, kwenye kufuli. Mimi yangu sikuyakata, na hilo linanisumbua kuliko ile herufi.

Halafu niandikie. Nataka kujua kama na wewe huwa unawauliza rangi ya mkojo.