Uzamili wa saikolojia ya binadamu na mitambo

Swali: Nina digrii ya saikolojia. Nataka kusoma Marekani uzamili wa saikolojia ya namna watu wanavyotumia mitambo. Nihitimuje?

Jibu: Programu nyingi hudai krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 30 hadi 36, takriban miaka 2, na wastani wa alama usiopungua 3.0 kati ya 4.0. Utasoma ergonomia (kulinganisha vifaa na mwili na uwezo wa mtu), utambuzi (jinsi akili inavyopokea na kuchakata habari) na, zaidi ya yote, takwimu. Kama umesahau rigresheni, mbinu ya takwimu ya kupima jinsi vigezo vinavyohusiana, irudie kabla ya kusafiri.

Panapokwamisha wengi ni tasnifu. Usimpime mshiriki hata mmoja, tuseme kwenye kiigizaji cha rubani, kabla kamati ya maadili haijatoa kibali: data za mapema hutupwa. Peleka ombi likiwa na fomu ya ridhaa, dodoso na hatua za jaribio. Kiambatisho kikikosekana, hurudishwa. Mahali pengine mafunzo kazini huruhusiwa badala ya tasnifu, ila ukilenga uzamivu (PhD), andika tasnifu.