Mama kusimama kila akisemeshwa njiani

Umeuliza kama mama yako wa miaka 74, anayesimama kila akisemeshwa njiani, ni uzee tu. Usipuuze: kutembea kunatumia ubongo, si magoti peke yake. Weka alama mbili sakafuni, mita 4 kati yake. Aanzie hatua chache nyuma ya alama ya kwanza, kwa mwendo wake wa kawaida. Pima muda kutoka alama ya kwanza hadi ya pili: zikizidi sekunde 5, anakwenda polepole. Rudia huku akihesabu kurudi nyuma kutoka 50; kaa karibu, anaweza kuyumba. Akipunguza sana mwendo au kusimama, huenda ubongo unalemewa. Goti bovu au dawa za usingizi huharibu kipimo, kwa hiyo usimwite msahaulifu bado. Ila akisahau, mkojo ukimtoka na nyayo zikawa kama zimenata sakafuni, mwahishe hospitali: huenda ni maji kichwani, na yanaweza kutibiwa.