Ganzi ya tumbo baada ya operesheni ya kujifungua: inashika wapi, haishiki wapi

SWALI: Daktari, nategemea kufanyiwa operesheni ya pili ya kujifungua wiki chache zijazo. Ile ya kwanza, sindano ya mgongo ilipoisha nguvu niliumia mpaka nikashindwa hata kumpakata mtoto. Safari hii daktari wa usingizi kaniambia wanaweza kunichoma sindano za ganzi tumboni mwishoni mwa operesheni. Je, zinaondoa maumivu yote? Na maziwa yatakuwa salama kwa mtoto?

JIBU: Pole sana dada yangu, mama kushindwa kumpakata mwanae kisa maumivu sio jambo dogo na wala sio kitu cha kuambiwa "vumilia tu ni kawaida". Nijibu moja kwa moja: hapana, haziondoi yote, ila zikichomwa kwa mtu anayezihitaji zinasaidia sana.

Iko hivi. Baada ya operesheni unakuwa na maumivu ya aina mbili. Kuna ya mshono, yaani ngozi na ukuta wa tumbo uliokatwa, haya ndo yanakuchoma ukikohoa, ukicheka au ukitaka kugeuka kitandani. Halafu kuna ya ndani, mfuko wa uzazi unajikaza ili urudi kwenye saizi yake, tumbo linanyonga, na hasa ukinyonyesha ndo linazidi. Zile sindano za tumboni (wengi tunaziita tap bloku) tunachoma ubavuni kila upande, tunaangalia kwa mashine ya altrasaundi sindano inavyopita mpaka katikati ya misuli miwili ya ndani ya ukuta wa tumbo, maana hapo ndo zinapita nevu (mishipa ya fahamu) zinazobeba hisia za mshono. Kwa hiyo zinashika mshono tu. Kule kunyonga kwa mfuko wa uzazi hazikugusi kabisa, na mama asipoelezwa hili mapema anadhani ganzi imegoma.

Sasa kuna swali moja nataka umuulize daktari wako wa usingizi kabla ya siku yenyewe: kwenye sindano ya mgongo utaniwekea na mofini (dawa kali ya maumivu)? Hili ndo linaamua karibu kila kitu. Dawa ya ganzi ya mgongo peke yake, mara nyingi bupivakaini, inaisha baada ya masaa machache tu, nadhani ndo kilichokukuta mara ya kwanza. Lakini ikichanganywa na mofini kidogo sana, kama maikrogramu 100 hivi, unapata nafuu mpaka masaa 12 hadi 24, na yenyewe inapunguza maumivu ya mshono na ya ndani pia. Inaweza kukuletea kuwashwa mwili au kichefuchefu, na manesi watakuwa wanakuangalia upumuaji wako. Ukishapata hiyo mofini, sindano za tumboni zinaongeza kidogo tu. Ila kama mofini haipo, au haikufai, au umefanyiwa operesheni kwa usingizi kamili, hapo mi ningezitaka bila kusita, na kama hakuna altrasaundi basi daktari wa upasuaji amwage ganzi kwenye kidonda chenyewe kabla ya kufunga, nayo inasaidia.

Usalama: ganzi nyingi kupita kiasi inaweza kuingia kwenye damu na kusumbua ubongo na moyo, ndo maana tunapiga hesabu kwa uzito wako. Kwa bupivakaini wengi hatuvuki miligramu 2 hadi 2.5 kwa kila kilo, na kwa mjamzito au aliyetoka kujifungua tunakuwa waangalifu zaidi. Ukisikia masikio yanavuma, mdomo unakufa ganzi au ladha ya chuma mdomoni, sema hapo hapo, usione aibu. Kingine, mara chache ganzi inashuka mpaka mguuni na paja linalegea, kwa hiyo ukisimama mara ya kwanza uwe na mtu pembeni.

Na sindano moja inaisha ndani ya masaa, wengine 6 wengine 12, kwa hiyo usikae unasubiri iishe ndo uombe vidonge. Kosa hili naliona sana na linaniuma. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya masaa 6 pamoja na ibuprofeni au diklofenaki, kwa saa zake, hata kama saa hiyo huumwi, hizo ndo zitakubeba siku za mwanzo na ndo zinatuliza kule kunyonga. Mwambie daktari kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo au ulitokwa damu nyingi, maana hapo ibuprofeni na diklofenaki zinaweza zisikufae. Na maumivu yakizidi badala ya kupungua, au ukapata homa, au mshono ukatoa usaha, hayo sio ya kutulizwa kwa vidonge, rudi hospitali.

Kuhusu maziwa ondoa hofu, ganzi inayofika kwenye maziwa ni kidogo sana, parasetamoli na ibuprofeni nazo hazina shida, nyonyesha tu. Dawa za maumivu za kuwa nazo makini ni kodeini na tramadoli, mamlaka ya dawa ya Marekani tangu 2017 inashauri anayenyonyesha asizitumie kwa sababu zinaweza kumlewesha mtoto na kumpunguzia upumuaji, kwa hiyo ukiandikiwa mojawapo omba ubadilishiwe.